Buibui Aliyepewa Jina la Mume Wangu

Sitaapa. Nimeishi muda wa kutosha kuwajua watu wa kuapa, na wengi wao huwa wana kitu wanataka kukuuzia. Mimi siuzi kitu. Nasema tu kwamba jambo hili lilitokea katika boma letu hapa Juba, nyuma ya soko la Konyo Konyo, miaka ile ya sabini tulipokuwa tumerudi kutoka Uganda na kila mtu anajenga upya. Nililiona kwa macho yangu, mchana, nikiwa na akili timamu na sufuria mkononi. Usipoamini, hiyo ni kazi yako.

Mume wangu aliitwa Okeny. Mimi nilimwita Baba Poni, kwa jina la binti yetu wa kwanza. Alikuwa dereva wa lori la mbao. Miti ilikatwa huko juu kwenye milima ya Imatong, ikapasuliwa kwenye kiwanda cha Katire, naye akaishusha mpaka Torit na kuileta huku mjini. Mtu mkubwa wa mwili, mikono mipana. Akishika usukani unaona lori limepata bwana wake. Na hakuwa mlevi. Akinywa merisa, pombe yetu ya mtama, ni siku ya sherehe, kibuyu kimoja, basi. Ninakuambia mapema ili usije ukaanza kufikiri kama walivyofikiri majirani.

Wakati ule mambo yalikuwa yamegeuka. Sisi tuliokimbilia Uganda tulikuwa tumerudi, na watu wa Uganda nao wakaanza kukimbilia kwetu, maana huko kwao askari walikuwa wanabisha milango usiku na aliyechukuliwa harudi. Mmoja wa waliokuja alikuwa Mwalimu Kizza. Alifundisha chuo kikuu, lakini ukimwona ungedhani ni fundi wa saa: mdogo, mkimya, macho yamechoka. Alipanga chumba kimoja bomani kwetu. Kiswahili hakukipenda. Alisema kwao hiyo ndiyo lugha ya vizuizi vya barabarani, akisikia mtu anasema "simama" tumbo linamkata. Lakini Kiarabu cha Juba hakujua, na Kiganda chetu sisi kilikuwa cha sokoni tu, basi akazungumza Kiswahili hivyo hivyo, kama mtu anayevaa viatu vya adui kwa sababu njia ina miiba.

Alikuja na shati alilovaa na sanduku la mbao. Ndani ya sanduku mlikuwa na chombo cha kukuzia vitu vidogo, yeye akiita hadubini. Nilimuuliza anatafuta nini katika nchi iliyotoka vitani juzi. Akasema, "Buibui."

Nilidhani ananitania. Hakuwa ananitania. Alisema kule Imatong, ambako mlima umesimama peke yake kama kisiwa na nchi kavu imeuzunguka, lazima kuna buibui ambao hawako mahali pengine popote duniani, na hakuna mtu aliyewahi kuwaandika. Basi Okeny akawa anampandisha na lori, na siku za kungoja mbao anamsaidia. Alinieleza kazi yenyewe. Wanatandika shuka nyeupe chini ya kichaka, Okeny anapiga matawi kwa fimbo, wanaanguka wadudu wa kila namna, na Mwalimu anapiga magoti na mrija mdomoni akiwavuta buibui mmoja mmoja ndani ya chupa. Majani makavu ya chini wanayachekecha kama unga. Huko ni baridi, ukungu unashuka mchana, na miti ina ndevu. Okeny alirudi anacheka. Alisema hajawahi kuona mtu mzima anafurahi hivyo kwa kitu kisicholiwa.

Buibui wanahifadhiwa ndani ya spiriti. Spiriti ya hospitali ilipokosekana, Mwalimu alinunua araki kwa jirani yetu Mama Keji, mpika pombe, ambaye alimpikia mara mbili mpaka ikashika moto. Mama Keji alikuwa na ulimi. Alisimama katikati ya soko na kutangaza, "Mwalimu hii iko mlevi ya ajabu. Yeye mwenyewe hapana kunywa. Buibui yake ndio nakunywa."

Sasa sikiliza jinsi wanavyomjua buibui mpya, maana hapo ndipo mambo yalipoanzia. Mwalimu alinieleza mimi mwenyewe, nikichambua mboga. Buibui dume ana vikono viwili vidogo mbele ya uso, na ncha ya vikono hivyo imetengenezwa kama ufunguo. Jike ana kufuli lake. Kila aina ina ufunguo wake na kufuli lake, hakuna ufunguo unaoingia kufuli la wengine. Kwa hiyo rangi si kitu, ukubwa si kitu, unatazama ufunguo. Ukiulinganisha na funguo zote zilizowahi kuchorwa na usifanane na hata mmoja, huyo ni mpya.

Akampata mmoja. Dume, wa rangi ya majani makavu, si mkubwa kuliko punje ya mahindi. Alikaa naye dirishani siku nyingi, anatazama, anachora, hali mpaka nimsukumie sahani. Halafu jioni moja akatoka nje akamwambia Okeny kwamba huyu hajulikani na mtu yeyote, na anayempata ndiye anayempa jina. "Fimbo yako ndiyo iliyomwangusha," akasema. "Nimeamua aitwe Okeny."

Alieleza kwamba jina litafungwa kwa huyu mmoja aliye chupani. Hata wakipatikana wengine elfu, watalinganishwa na yeye. Yeye ndiye mwenye jina. Okeny alisimama akitazama ile chupa kama mtu aliyeambiwa amepata mtoto wa kiume.

Na hapo ndipo alipokosea, kosa ambalo mzungu asingelifanya, wala Mwalimu asingelifanya. Nyumbani kwetu jina haliandikwi tu. Mtoto akipewa jina la mtu, mwenye jina anaitwa. Analetewa mtoto kizingitini, anachovya kidole katika merisa, anamgusa paji la uso, anasema jina huku uso umeelekea ndani ya nyumba. Tangu hapo mtoto ni wa mlango ule, na wale wawili ni somo, mmoja hawezi kula wakati mwenzake ana njaa. Okeny akasema jina halijashika bila merisa. Nilimwambia aache. Nilimwambia hicho ni kitu kilichokufa na hakina mlango. Akanijibu mbele ya watu, "Mama Poni, wewe hata ukicheka unaomba ruhusa."

Basi akafanya. Majirani walikuja, Mama Keji akaleta mtungi. Okeny alisimama kizingitini, akachovya kidole, akagusa kioo cha chupa na kusema, "Wewe ni Okeny, wa mlango huu." Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mama Keji akasema, "Jina imeshika. Sasa mtafutie yeye bibi, lakini mchunge, bibi yao nakula bwana." Hata Mwalimu alicheka, na ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka tangu afike. Mimi niliingia jikoni.

Hazikupita siku nyingi, Okeny akaanza kunuka spiriti.

Wewe mwanamke unayesoma, ungefikiri nini? Nilifikiri hivyo hivyo. Nilimwambia kama ameanza kunywa araki aseme. Akakana. Nikamwambia afungue mdomo ninuse. Mdomo ulikuwa safi, unanuka chai. Ngozi ndiyo iliyonuka: shingo, mgongo, kwapani. Nikamsugua kwa sabuni ya kufulia kama mtoto, akakauka, harufu ikarudi. Na alikuwa baridi. Juba unaijua, joto la kukausha ulimi, lakini ukimgusa ni kama kugusa chupa iliyolala nje.

Halafu usingizi. Alianza kulala amekunja magoti mpaka kifuani, mikono ameivuta ndani. Umewahi kuona buibui aliyekufa anavyokunja miguu? Basi. Kumwamsha ikawa kazi. Unamwita, anakujibu kwa sauti ya mtu aliye chini ya maji, na macho yanafunguka nyuma ya sauti. Majirani wakaanza kunipa pole ya wake za walevi. Msimamizi wa mbao akamwonya. Nami usiku nilikuwa nalala nimemwekea mkono puani kuhakikisha pumzi inatoka.

Asubuhi moja, barabara ya Torit, mkono wake wa kushoto uligoma. Alitaka kukunja vidole kushika usukani, vidole vikamtazama. Lori likaingia mtaroni. Mungu alisaidia hakuna aliyekufa. Walimrudisha nyumbani amekaa juu ya mbao za watu, ameushika mkono wake kwa mkono mwingine kama mtu aliyebeba samaki. Hospitali walimgonga magoti, wakamchoma sindano, wakasema hawaoni ugonjwa. Katekista akaja akaomba. Okeny alikuwa anazidi kwenda chini. Siku ile ninayotaka kukuambia, alikuwa hajaamka tangu asubuhi, na mimi nilikuwa nimeanza kumwambia Mungu maneno ambayo si ya sala.

Ilikuwa mchana wa mvua, ile mvua kubwa inayofanya saa tisa iwe giza. Poni alikuwa kwa bibi yake. Mwalimu alikuwa amekwenda sokoni kutafuta vizibo vya chupa. Lango la boma nilikuwa nimelifunga kwa waya kwa sababu ya mbuzi wa watu. Nilikuwa chini ya kibanda cha kupikia, nasonga asida, ugali wetu. Nikainua macho, nikakuta mwanamke amekaa kwenye pembe, pale paa linapokutana na ukuta.

Hakupiga hodi. Alikuwa mrefu, mwembamba sana, nguo ya kijivu, na alikaa amekunja magoti mpaka yakapita mabega yake. Tumboni, si mgongoni, alikuwa na furushi jeupe, la mviringo, amelikumbatia kwa mikono yote. Nasema mikono yote. Sikuhesabu. Nilipomtazama usoni niliona macho mawili kama ya mtu yeyote, lakini nilijisikia natazamwa kama na kikao kizima.

Adabu ni adabu. Nilimwambia, "Karibu, dada. Umetoka mbali?"

"Nimetoka juu," akasema.

Lugha gani? Mpaka leo sijui. Nilielewa tu. Nikamsogezea asida. Akasema, "Sili. Nakunywa tu." Nikampa kibuyu cha maji. Akakiweka mbele yake, hakukigusa. Ndipo nilipoona kwamba mvua ilikuwa inapiga nje kama mawe, na nguo yake ilikuwa kavu.

"Nimesikia mtoto wangu amepewa jina hapa," akasema.

Nilimwambia amekosea boma, hapa hakuna mtoto aliyepewa jina.

"Amepewa kwa pombe, kwenye kizingiti kile. Anaitwa Okeny."

Nisikudanganye: kilichonijia kwanza ni hasira, hofu ilikuja nyuma yake. Dereva wa njia ya mlimani, analala huko siku nyingi, mke gani asingefikiri hivyo? Nikaweka mwiko chini. Nikamwambia kama Okeny amemzalisha huko aseme wazi, nimwamshe mwenyewe aje ajibu.

Akanyoosha kidevu kuelekea dirisha la Mwalimu, mahali zilipopangwa chupa. "Yule pale. Ana baridi."

Sikukimbia, kwa sababu ndani ya nyumba alikuwa amelala mume wangu, na ningemkimbia nimwachie nani?

"Kufa si neno," akasema yule mwanamke. Hakupandisha sauti hata kidogo. "Ndege wanatula, mvua inatuua, na nyinyi mnatuua. Sikuja kwa ajili ya kifo. Alikuwa wangu, akafa, ingekwisha hapo. Lakini mmempa jina. Mmemwambia ni wa mlango huu. Mtu wa mlango huu akifa, mnamweka kwenye maji?"

"Tunamzika," nikasema.

"Basi. Na mmemkata mkono. Wa kushoto. Mwili uko kwenye chupa moja, mkono uko kwenye chupa nyingine."

Hilo nilikuwa silijui. Nilipata nguvu ya kumwambia kama ni wake, chupa zile pale, amchukue aende naye. Akanitazama kama ninavyomtazama mimi mtoto asiye na adabu.

"Nani anazika mtu wa nyumba ya wenyewe?" akasema. "Msipomzika, somo wake atakwenda kukaa naye. Ameshaanza."

Lile furushi likatikisika. Uso wa furushi ulitetemeka wote kwa pamoja, kama ngozi ya maziwa yanayotaka kuchemka. Akaliwekea kiganja. "Hawa ni wadogo zake," akasema. "Sitaki watoke wakute ndugu yao ana jina na hana kaburi."

Ndani Okeny akaguna. Niligeuka kutazama mlango, muda wa kugeuza shingo tu, na nilipogeuka tena pembe ilikuwa tupu. Lango lilikuwa bado limefungwa kwa waya. Labda unangoja nikuambie nilikuta utando pale ukutani. Sikukuta kitu, hata uzi. Kibuyu kilikuwa pale pale, ila maji yote yalikuwa yamekwisha.

Mwalimu aliporudi amelowa, nilimkuta langoni. Sikumsalimu. Nilimuuliza, "Mwalimu, ulimkata mkono?"

Akauliza nani.

"Okeny wa chupani. Mkono wa kushoto."

Alisimama kwenye mvua na vizibo vyake. Polepole akasema ndiyo, ndivyo kazi inavyofanywa, kile kikono cha kushoto hukatwa ili kigeuzwe na kuchorwa vizuri, cha kulia huachwa. Halafu akasema hakumwambia mtu. Nani kaniambia?

"Mama yake," nikasema. "Ulimkata lini?"

Akanitajia. Ilikuwa asubuhi ya lori.

Tuliingia chini ya kibanda nikamweleza yote. Hakucheka. Alianza kukataa kwa upole, kama mtu anayekataa chakula cha mgeni wake. Alisema nimechoka, silali. Nikamwambia sikumuuliza habari ya usingizi wangu. Nataka yule buibui azikwe kabla jua halijazama. Hapo upole ukamwisha.

"Mama Poni, nimeacha nyumba yangu. Nimeacha vitabu, nimeacha mama yangu mzazi, sijui kama yu hai. Huyu ndiye kitu pekee duniani nilichokiona mimi kwanza. Bila mwili hakuna jina. Nikimzika, itakuwa sikuupanda mlima ule."

"Mwalimu, wewe una buibui mmoja. Mimi nina mume mmoja."

Akafikiri. Akasema basi atampa jina jingine, jina la mlima, kwa kuwa bado halijachapishwa kitabuni. Nikamwambia yeye alimpa jina kwa karatasi, Okeny alimpa kwa pombe. La karatasi afute. La pombe nani atalifuta?

Aliinuka akaingia kumwona mgonjwa, nami nikamfuata. Okeny alikuwa mkekani, magoti kifuani, mikono ndani, mdomo umefunguka kidogo. Mwalimu alisimama juu yake muda mrefu. Sidhani kama kulikuwa na mtu Juba nzima aliyeujua mkunjo ule kuliko yeye. Akainama, akamgusa shingoni, akavinusa vidole vyake. Harufu ile aliijua pia. Alipotoka nje uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyesikia "simama."

"Nipe jembe," akasema.

Tulimzika chini ya ukingo wa paa, kando ya mlango, mvua ikipungua. Nilichana kipande cha ile shuka nyeupe ya kazi yao kiwe sanda. Mwalimu alileta mwili ndani ya karatasi iliyokunjwa, na karatasi nyingine ndogo zaidi, akasema mkono umo humo. Sikuifungua. Mtu hafungui sanda kukagua. Mama Keji alipita, akatuona tumepiga magoti kwenye matope na kaburi la ukubwa wa kikombe. Nilingoja mzaha wake. Aliondoka, akarudi na merisa, akamwaga kidogo, akaenda zake bila kusema neno. Mimi nilisema maneno yanayosemwa: kwamba huyu ni Okeny, wa mlango huu, amelala kwao.

Kabla sijanawa mikono nilisikia sauti kutoka ndani, sauti yake mwenyewe, nzito, haina maji. "Mama Poni. Kuna asida?"

Nililia nikiwa nimesimama. Alikula sufuria nzima. Ngozi ilikuwa na joto, harufu imeondoka, alinyoosha miguu mkekani mpaka ikatoka nje ya mkeka. Nilimgusa kila mahali kama mtu anayenunua ng'ombe. Nilipofika kwenye mkono wa kushoto, kiganja kilikuwa baridi. Kilinuka spiriti.

Nikajipa moyo kwamba ni mabaki, yatakwisha. Wiki ikapita, mwezi ukapita. Mwili wote ulikuwa wake, ila mkono ule haukukunja kidole tena. Nilikwenda chumbani kwa Mwalimu. Alikuwa anafunga sanduku lake. Watu wa kanisa walikuwa wamempatia nafasi ng'ambo. Nilimuuliza kama alizika vyote. Akasema, "Nilizika, Mama Poni." Alisema akitazama sanduku. Ningefanya nini, nimpekue mgeni kama askari wa kule kwao? Aliondoka na lori la alfajiri, akimpa Okeny mkono, na nakumbuka alimpa ule wa kulia akauficha wa kushoto mgongoni, kama vile wake ndio uliokuwa mgonjwa.

Dereva wa mkono mmoja hakuna. Okeny akawa bawabu wa ghala, akiwafungulia lango madereva aliowafundisha yeye. Hakumlaumu Mwalimu hata siku moja. Alisema mtu aliyenyang'anywa kila kitu lazima ashike kitu. Mimi nilisema ashike chake.

Vita vya pili vilipokuja tulikimbia tena, Uganda tena, na huko kambini Okeny akafa, mzee, kwa homa. Nilimwosha mimi. Mwili ulikuwa bado una uvuguvugu, kama wa mtu aliyetoka sasa hivi. Mkono wa kushoto ulikuwa baridi ile ile ya zamani, na chumba kizima kilinuka. Waliokuja kuniliwaza walidhani alikufa kwa pombe.

Niliporudi Juba, boma limekuwa la mabati na jenereta, alikuja kijana mmoja wa mambo ya misitu kupanga kwangu. Nilimuuliza kwa mzaha kama anajua buibui wa Imatong. Akatafuta kwenye kompyuta yake. Akasema yupo mmoja wa ajabu, anajulikana kwa kikono cha dume tu, mwili wake haujulikani ulipo, na kikono chenyewe kimo ndani ya kichupa katika nyumba ya kuhifadhi wadudu huko ng'ambo. Akanisomea jina. Lilikuwa la mume wangu, limewekewa mkia wa herufi moja mwishoni.

Kwa hiyo sijamzika wote. Yule mwanamke hakurudi kuniuliza, na hilo ndilo linaloninyima usingizi. Labda anajua mkono hauko kwangu. Labda amekwenda kuutafuta uliko.

Sasa wewe. Acha mchezo wa majina. Naona wajukuu wangu wanampa mbuzi jina la babu yao, wanacheka, kesho wanamchinja. Jina ukilitamka kizingitini umefungua mlango, na aliyeingia atataka chakula, atataka mahali pa kulala, na mwisho atataka kaburi. Kama huna jembe, nyamaza.

Na kama unafanya kazi katika nyumba zile za chupa, ukaona kichupa kidogo cha Imatong chenye jina la Okeny, usiniandikie, usiombe ruhusa ya mtu. Utoe ule mkono uutie ardhini, useme ni wa mlango wa Mama Poni, Juba. Usihangaike kuuleta huku. Udongo wowote utafaa.